Ficha Ncha

Siku ya kwanza kumwona Ernestine alikuwa amepiga magoti kwenye majivu. Ilikuwa nyuma ya stendi ya Inyonga, mahali wanapochomea matairi yaliyokwisha. Alikuwa na gauni la kanisani, amelibana katikati ya magoti lisichafuke, na mikono yake yote miwili ilikuwa myeusi hadi kwenye viwiko. Tairi likishaungua zinabaki nyaya nyembamba zilizosokotana, naye alikuwa anazichomoa mmoja mmoja, anazinyoosha, anazizungusha kwenye mkono kama mtu anayekunja kamba ya ndoo.

Vijana wa bodaboda walikuwa hawana abiria. Abdillah, mkubwa wao kwa mdomo, akamwita.

"Sista, umepoteza hereni?"

"Nimepoteza gari," akajibu bila kugeuka. "Nyie subirini abiria, mimi natengeneza langu."

"Likiwaka utupe lifti!"

"Kwa miguu hiyo mirefu? Utaburuza."

Wakacheka, yeye akainuka, akajipangusa kwenye majani, akaja moja kwa moja kwenye banda langu. Mimi ni fundi wa kuandika. Naandika majina ya maduka, naandika "Usikojoe hapa", na zaidi nachora kwenye madigadi za pikipiki. Siku hiyo nilikuwa namchorea Abdillah simba.

"Huyu simba umemchora wewe?"

"Ndiyo."

Akainamisha kichwa upande huu, akainamisha upande ule. "Mbona kama anaomba samahani?"

Abdillah akaja kumwangalia simba wake upya. Kabla jua halijazama alikuwa ameniambia nimfute nimwekee ndege tai. Mimi niliendelea kukoroga rangi iliyokuwa imeshakorogeka. Watu wengi nikinyamaza hivyo wanaondoka. Ernestine hakuondoka. Alifungua makopo yangu akayafunga kwa vifuniko visivyo vyake, akahesabu brashi, akakaa kwenye kigoda, akakiacha, akaegemea nguzo, akaiacha. Halafu akaniuliza kama naweza kuchora mtoto ambaye anafanya kitu kwa mikono, na mikono ionekane kweli.

Nikasema nitajaribu.

"Basi kesho njoo kwenye ghala la Mzee Cletus. Leta brashi. Rangi kidogo tu, usije na zote kama unapaka kanisa."

Hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye kazi yake, bila kukubali wala kukataa.

Ernestine kwao ni Kabungu, kabila lake Mbende. Alikuja Inyonga nyuma ya kaka yake Evarist, ambaye alikuwa amefuata kazi ya tumbaku na asali. Alisoma shule ya msingi kama mimi, tena kwa shida, kwa sababu alikuwa hakai. Aliniambia mwalimu wake wa darasa la pili alichoka naye, akachukua kanga ya Ernestine mwenyewe, akamfunga nayo mguu kwenye mguu wa dawati. Alisimulia jambo hilo akicheka, lakini kila mara aliposimulia alikuwa anakuna kifundo cha mguu.

Ndiyo maana alipopewa watoto wa chekechea hakuwakalisha. Mzee Cletus alikuwa ameacha kilimo cha tumbaku, akatoa ghala lake la zamani watoto wasomee humo. Wiki za kwanza walikuwa wanapiga chafya tu, kwa sababu harufu ya tumbaku ilikuwa imeingia mpaka kwenye matofali. Ernestine aliwaacha wazunguke. Herufi waliandika chini kwa vijiti, hesabu walijifunza kwa mbegu za embe, na kila mmoja alikuwa na kitu anachokitengeneza. Nyaya zilitundikwa ukutani kwenye misumari, kila mtoto msumari wake. Walitengeneza magari. Aliwafundisha kupinda gurudumu, kulisokota mara mbili, halafu kuikunja ncha ya waya na kuirudisha ndani isimchome mwenzio.

"Ficha ncha!" Hayo nadhani ndiyo maneno aliyoyasema kuliko mengine yote. Alikuwa anayasema akipita, hata kabla hajaangalia, na watoto wakawa wanaambiana wenyewe kwa wenyewe. Nilimsikia mjukuu wa Mzee Cletus, Recho, akimwambia babu yake anayekunja waya wa kuanikia nguo: "Babu, ficha ncha." Mzee akaificha.

Kitabu kilianza kwa sababu ya kitabu kingine. Kulikuwa na wageni waliopita wakaacha kitabu cha picha, kizuri, karatasi zinateleza. Ndani yake watoto walikuwa wanacheza juu ya kitu cheupe, wameketi kwenye mbao wanateremka mlima. Recho akauliza, "Mwalimu, hawa wanachezea unga?"

"Wanachezea unga," Ernestine akasema. "Na mama zao wakija watawachapa."

Watoto walicheka, lakini yeye hakulala vizuri. Aliniambia kilichomsumbua ni kwamba walikitazama kitabu kile kuanzia mwanzo hadi mwisho wakiwa wamekaa. Hakuna aliyesimama. Hakuna aliyesema, na mimi nitafanya hivi. Walikaa kama watu wanaotazama harusi ya jirani juu ya ukuta.

Kwa hiyo tukaanza kutengeneza cha kwetu. Kurasa zilikuwa za karatasi ya mifuko ya saruji, ile ya ndani isiyo na vumbi. Uzi wa kushonea ulikuwa wa nyavu za samaki, shangazi yake Marta aliutuma kwa basi kutoka Kapalamsenga, ziwani. Nilichora mpira wa mifuko ya plastiki uliofungwa kwa kamba. Nilichora mdoli wa gunzi mwenye nywele za hindi bichi. Nilichora watoto wakitundika mzinga mdogo wa gome, wanavyofanya wanapowaiga baba zao, halafu wanakaa mbali wanasubiri nyuki ambao hawaji. Nilichora gari la waya.

Gari lilitugombanisha. Nilichukua kisahani nikazungushia penseli, magurudumu yakatoka mviringo safi. Ernestine alilitazama akiwa amesimama mguu mmoja.

"Kaka Zefania, hili gari la nani?"

"La watoto."

"Mtoto gani ana kisahani mkononi? Gurudumu la waya lina kona. Linakwenda linachechemea. Mtoto akiona hili lako atalia, atasema lake limeharibika."

Nililirudia. Likawa bado mviringo. Mkono wangu umezoea herufi za maduka, hautaki kukosea. Alilikubali kwa shingo upande, akasema gurudumu ananidai.

Tulikuwa na namna yetu ya kupima. Ukurasa ukikauka, anauweka chini mbele ya mtoto bila kusema neno. Anakwenda zake pembeni, kama anaweza kuitwa pembeni mtu anayezunguka chumba kizima. Mtoto akitazama picha, akasimama, akaenda kutafuta gunzi au gome au waya, ukurasa umefaulu. Mtoto akibaki amekaa, ukurasa umekufa, narudia. Nyingi zilikufa. Zile zilizofaulu nilizishona, na kitabu kikawa kinakaa kwangu.

Sasa huku kwetu watoto wana mchezo mwingine. Wanacheza askari wa pori na majangili. Wengine wanashika vijiti ndio bunduki, wengine wanafunga vitanzi vya waya kati ya miche miwili, na waliobaki ni swala na pundamilia, wanakimbia. Anayenaswa mguu analala chini anapiga kelele, askari wanakuja, majangili wanafungwa mikono. Wanacheka mpaka wanakohoa. Ernestine aliwatazama mchana mmoja, akanigeukia.

"Huo nao."

"Mwalimu," nikasema, "huo acha."

"Wanacheza au hawachezi?"

"Wanacheza."

"Basi chora. Sitengenezi kitabu cha watoto wa kuazima."

Sikuwa na raha, na yeye alijua kwa nini. Evarist, kaka yake, aliwahi kufungwa kwa mitego ya waya kwenye pori la akiba. Alitumikia kifungo chake, akarudi, sasa anashughulika na mizinga na hana neno na mtu. Lakini katika kijiji mtu akishawahi kufungwa, jina lake linabaki karibu na mlango, la kwanza kuchukuliwa.

Nilichora. Sijui ni kwa sababu ya wasiwasi, safari hii mkono ulikosea, kitanzi kikatoka na kona. Kilikuwa mbele kabisa kwenye picha, kikubwa kama bakuli, na nyuma yake mguu wa mtoto ukikaribia. Ernestine aliuchukua ukurasa kabla haujakauka.

"Haya! Hili ndilo gurudumu nililokuwa nakudai. Umelipeleka kwenye kitanzi!"

Tukaupima. Ulifaulu kuliko kurasa zote.

Ulifaulu hivi. Asubuhi moja mbuzi wa Mzee Cletus alikutwa kwenye njia ya kisimani, mguu umenaswa kwenye kitanzi cha waya, umevimba umekuwa mweusi. Alikuwa mbuzi jike mwenye mimba. Ilibidi achinjwe pale pale.

Ernestine alikuja bandani kwangu kabla sijapanga makopo, akizungusha waya kidoleni mpaka kidole kikawa cheupe. Mtoto mmoja alikuwa amemfuata nyumbani, akamnong'oneza. Alikuwa amechoka kuwa swala kila siku. Alitaka na yeye amkamate swala wa kweli. Akatazama ukurasa, akafanya.

"Nani?" nikauliza.

Akanitajia. "Usimtaje kwa mtu. Wakimjua, ataitwa jangili mpaka siku anaolewa."

Sikumtaja, na hapa pia simtaji.

"Lakini huko barabarani," akasema, "wameshasema ni Evarist."

Na kweli, walikuwa wameshasema. Abdillah alinieleza habari hiyo mchana ule ule kama kitu kinachojulikana. Siku iliyofuata askari wawili wa wanyamapori walipita na pikipiki, wakaingia ghalani kwa sababu walisikia kuna nyaya nyingi. Waliziona zimetundikwa kwa mizunguko. Waliona na magari. Mmoja alichukua gari la Recho akalisukuma sakafuni mpaka ukutani, akalirudisha kwenye msumari wake. Walisema tu, nyaya hizi mziangalie, wakaenda. Kama jambo lingeachiwa wao lingeishia hapo. Lakini Mzee Cletus alikuwa na kitanzi mfukoni na mbuzi moyoni, akaita wazazi.

Mkutano ulikuwa humo humo ghalani, Jumamosi asubuhi, watoto wakiwa nje. Wazazi walikaa kwenye matofali. Evarist alisimama mlangoni, hakuingia wala hakuondoka. Ernestine alizunguka nyuma ya watu, mpaka mama mmoja akamwambia, "Mwalimu, kaa, unatutia kizunguzungu." Alikaa, akainuka tena.

Mzee Cletus akanyanyua kitanzi. "Nauliza kwa amani. Aliyetega aseme. Asiposema, Jumatatu nakipeleka kwa askari pamoja na jina."

"Jina gani, mzee?" Ernestine akauliza.

"Jina tunalolijua sote, mwanangu. Usinifanye nilitamke mbele yako."

Watu walitazama chini. Wachache walitazama mlangoni. Evarist alikuwa anatazama mikono yake.

Niliwaza, sasa atamtaja mtoto, hana njia. Akimtaja mtoto, kaka yake anapona. Akinyamaza, kaka yake Jumatatu yuko ndani, na mtu aliyewahi kufungwa kwa kosa lile lile harudi mapema. Niliona macho yake yakikimbia ukutani, kwenye misumari, kwenye dari, kwangu. Kwangu yakatua.

"Kaka Zefania. Lete ule ukurasa."

Kitabu kilikuwa mapajani kwangu. Nikasema, "Mwalimu, acha." Sidhani kama kuna aliyenisikia. Nilikata uzi, nikampelekea, watu wote wakinitazama mgongoni.

Aliuweka katikati ya sakafu. Akaenda mlangoni, akawaita watoto wote waingie, akawaonyesha ukurasa kwa kidole. Hakusema kitu. Halafu, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, alisimama mahali pamoja, mikono nyuma, hatikisiki.

Watoto walitazama. Recho alikuwa wa kwanza kunyanyuka. Alikwenda kwenye msumari wake, akachomoa waya, akakaa chini miguuni pa babu yake, akaanza kupinda. Wa pili akaenda. Kisha wakaenda kwa kundi, wakasukumana ukutani. Na yule mwingine, yule niliyetajiwa, alisita akamtazama mwalimu wake, kisha akaenda pamoja na wenzake, akapotea katikati yao.

Ghalani zilisikika nyaya tu. Walipomaliza, kila mtoto alikuwa na kitanzi. Kila mmoja alikuwa amekisokota mara mbili, akaikunja ncha, akairudisha ndani.

Mzee Cletus alimnyang'anya Recho cha kwake taratibu. Akakiweka kando ya kile kilichomuua mbuzi. Akapitisha kidole gumba mwishoni mwa waya, hiki, kisha kile. Hakuna kilichomchoma.

"Mtegaji gani," akasema, sauti imeshuka, "anaficha ncha?"

Wazazi wakageukia vitanzi vya watoto wao.

"Ni yupi kati ya hawa?" baba mmoja akauliza.

"Ni mimi," Ernestine akasema. "Hamjaona? Wamefanya nilichowafundisha. Wote. Mkitaka jina, andikeni langu."

Mzee Cletus aliviweka vitanzi vyote viwili chini. Halafu aliinuka, akaenda mlangoni, akampa Evarist mkono. "Nisamehe, mwanangu. Nilishaliandaa jina lako." Evarist akaupokea mkono, akaitikia kwa kichwa, akaondoka akipita nyuma ya mashamba, haraka haraka, kama mtu anayeogopa watabadilisha mawazo.

Mzee akamgeukia Ernestine. Nilijua kinachokuja, na yeye alijua, kwa sababu miguu yake ilikuwa imeanza tena.

"Mwalimu, sina ugomvi na wewe. Lakini picha inayomwinua mtoto hivi, mimi naiogopa. Nitalihitaji ghala langu."

"Mzee, si kila picha..."

"Leo ni mbuzi."

Hakubishana. Wazazi waliwachukua watoto wao mkono kwa mkono, wengine wakasema asante mwalimu, wengine hawakusema. Mama mmoja aliniambia niuchome ukurasa ule mbele yake. Niliukunja nikautia ndani ya shati. Recho alikuwa analia, anataka gari lake, na babu yake alimwambia nyaya zote zinabaki.

Siku chache zilizofuata Ernestine alikuwa kila mahali na hayuko popote. Nilimwona kisimani, nikamwona stendi, nikamwona anakata nyasi ambazo si zake. Evarist alimwomba abaki wafanye kazi ya asali, akasema hawezi kukaa anasubiri nyuki. Mwisho shangazi Marta alimpigia simu: huko Kapalamsenga watoto wanashinda ufukweni mama zao wakianika dagaa, hakuna anayewaangalia. Hakumaliza kusikiliza, alikuwa ameshafunga mzigo.

Nilikwenda stendi siku anayoondoka. Basi la Mpanda lilikuwa linanguruma, limejaa, konda anapiga ubavuni. Sijamwona tena tangu siku hiyo. Namba yake iliita miezi michache, halafu ikawa haipatikani, na Evarist anasema amehama tena, anawafuata wavuvi ufukweni kila wanakohamia.

Abdillah ndiye aliyempandishia mzigo. "Sista, safari hii umepata gari," akamwambia.

"Hili si langu. Langu lina waya."

Nilimpa kitabu dirishani, nimekishona upya. Akakifungua hapo hapo, akapekua, akafika mahali ulipokuwa ukurasa ule, akaona nilivyoziba pengo kwa uzi.

"Umeuchoma?"

"Sijauchoma. Uko kwangu. Nifanye nini nao?"

Basi lilisogea, likasimama, likasogea tena. Nikawa natembea pembeni yake, baadaye nikawa nakimbia kidogo, jambo ambalo si kawaida yangu mbele ya watu. Ernestine alitoa kichwa na bega zima nje ya dirisha, konda anamfokea arudi ndani, mkono wake unachora hewani mizunguko yenye kona.

"Si kitanzi kiko pale mbele? Kiache hivyo hivyo! Ongeza vingine vitatu, fundi, litakuwa gari!"